Tovuti ya duka dogo Nairobi bado ina kazi

Miongoni mwa wafanyabiashara wadogo wa Nairobi imeenea rai kwamba tovuti ni pesa iliyotupwa. Mwulize mwenye duka la vipodozi Dubois Road au muuza simu Luthuli Avenue kwa nini hana tovuti, naye atakunyooshea simu yake: TikTok hii hapa, Instagram, Facebook, na hali za WhatsApp anazozibadilisha kila asubuhi. Wateja wako humu, atakuambia, tovuti nitamfungulia nani? Upande wa pili wapo watengenezaji wa tovuti wanaoshikilia kwamba biashara isiyo na tovuti ni kama haipo. Kauli hiyo inatoka kwa mtu mwenye kitu cha kuuza, na wafanyabiashara wana haki ya kuitilia shaka. Lakini katika kuikataa, wengi wamekataa pamoja nayo kitu ambacho kingewafaa sana.

Hoja za watu wa mitandao ni nzito, na hazifai kupuuzwa. Ripoti ya Taasisi ya Reuters kuhusu habari za kidijitali ya mwaka 2023 iliiweka Kenya kileleni mwa nchi zilizochunguzwa kwa matumizi ya TikTok: asilimia 54 ya waliohojiwa hapa walisema wanaitumia. Biashara huenda kuliko na watu. Zaidi ya hayo, video humwonyesha mnunuzi bidhaa ikiwa mikononi mwa mtu, ikigeuzwa na kuvaliwa, na maoni yaliyo chini yake humpa picha ya jinsi wenzake walivyohudumiwa. WhatsApp nayo imekuwa duka kamili tangu programu ya WhatsApp Business itoke mwaka 2018 na kuongezewa katalogi mwaka uliofuata. Mfanyabiashara anayejua kuitumia ana wateja wake kwa majina, na kwa ujumbe mmoja anawafikia wengi kwa pamoja.

Zipo pia biashara ambazo tovuti haizifai hata kidogo. Muuza mitumba wa Gikomba hufungua belo alfajiri, akatoa nguo za kamera, yaani zile bora kabisa, na kila gauni alilonalo ni moja tu. Kabla hajamaliza kuliandikia ukurasa wake, kwa bei na vipimo, limeshanunuliwa na mtu wa Rongai. Kwake yeye video ya moja kwa moja ndiyo soko, na anayemshauri alipie tovuti anamtia hasara.

Shida ni kwamba mfano huu wa Gikomba umegeuzwa kanuni ya jiji zima. Kuna bidhaa ambazo mtu hukutana nazo akazitamani, na kuna zile ambazo mtu huzitafuta kwa sababu ana haja. Gauni ni la kundi la kwanza. Fundi wa friji, kliniki ya meno, mchapishaji wa kadi za harusi, muuza vipuri wa Kirinyaga Road, mshonaji wa sare za shule, mchimba visima: hawa wote ni wa kundi la pili. Aliyeharibikiwa na friji Umoja siku ya Jumapili, nyama ikiwa imeanza kutoa maji, haingii mtandaoni kujiburudisha. Anaandika “fundi wa friji Umoja” na kumpigia wa kwanza anayeonekana kuwa mtu wa kweli. Ni kweli vijana wengi siku hizi hutafuta hata ndani ya TikTok. Lakini wanachokipata huko ni video, na ni nadra video ya nusu dakika kumwambia mtu kama fundi hufanya kazi Jumapili, anatoza kiasi gani kuja kuangalia tu, na aina gani za friji anazijua. Anayetafuta kwa haja ana maswali tayari, na aliyeyajibu mapema ndiye hupigiwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye desturi ya “bei njoo inbox”, yaani kutoandika bei mpaka mteja aulize kwa ujumbe wa faragha, ambayo naamini inawapotezea wafanyabiashara wa jiji hili wateja wengi kuliko hitilafu nyingine yoyote ya mtandaoni. Wanaoitetea wana sababu. Wanasema ukiandika bei, jirani wa stoli ya pili ataandika pungufu kwa shilingi hamsini. Wanasema mteja akishaingia kwenye mazungumzo ni rahisi kumshawishi. Wanasema pia kwamba maoni mengi ya “bei?” chini ya posti huifanya isambae. Sababu hizi zote zina ukweli ndani yake.

Lakini zitazame zikifanya kazi. Muuza mapazia wa Eastleigh ameweka picha ya pazia la rangi ya maziwa. Mama mmoja wa Kitengela anaiona saa nne na nusu usiku, watoto wakiwa wamelala, huo ndio muda wake wa kushika simu. Anaandika “Bei?” Muuzaji amelala. Mama anapita kurasa nyingine tatu, anauliza vivyo hivyo, mmoja anajibu. Asubuhi saa mbili, muuzaji wa kwanza anaandika, “Habari dear, unataka mita ngapi?” Kimya, kwa kuwa pesa zilishatumwa kwingine usiku uleule. Linalonisumbua zaidi ni kwamba muuzaji huyu hatajua kamwe. Akitazama simu yake anaona watu arobaini waliouliza bei wiki hii, na idadi hiyo inampa moyo kwamba biashara inasonga. Hakuna mahali palipoandikwa ni wangapi walichoka kungoja. Duka la kawaida humwonyesha mwenyewe mteja akigeuka mlangoni na kuondoka, lakini inbox haimwonyeshi.

Ukiyasoma mazungumzo ya arobaini hao, utakuta maswali ni yaleyale: bei kwa mita, mnashona au mnauza kitambaa tu, mko wapi, kuleta Kitengela ni pesa ngapi, na nikilipa nitajuaje si utapeli. Kila siku mtu mmoja anaketi akiyajibu upya, au analipwa msichana wa kuyajibu. Ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri unayajibu yote saa nne usiku bila kumwamsha mtu. Na kuhusu jirani wa stoli ya pili, yeye bei yako anaijua tayari. Akiitaka, humtuma mtu aje aulize kama mteja, na ndivyo masoko yote ya Nairobi yanavyoendeshwa. Asiyeijua ni mama wa Kitengela. Kama bei hubadilika kwa kipimo au kwa thamani ya dola, neno “kuanzia” na tarehe kando yake vinatosha.

Tovuti ninayoitetea haishindani na WhatsApp. Chini ya kila bidhaa huwekwa kiungo cha wa.me ambacho mteja akikigusa WhatsApp inafunguka maneno yakiwa yameshaandikwa: “Naulizia pazia namba 14, mita sita.” Mazungumzo yanaanzia hapo, bei ikiwa inajulikana, na muuzaji anaongea na mtu aliyekwisha kuamua nusu. Hata TikTok hunufaika, maana video inakuwa na mahali pa kumpeleka aliyevutiwa.

Suala la utapeli nalo lina uzito wake Nairobi, mji ambao karibu kila mtu anamjua mtu aliyelipia viatu mtandaoni kisha muuzaji akamfungia asimpate tena. Tovuti peke yake haiondoi hofu hiyo. Mkora anaweza kufungua tovuti mchana mmoja. Kinachosaidia ni mambo kulingana: jina la duka kwenye ukurasa, jina linalojitokeza mteja anapolipa kwa Lipa na M-Pesa, na jina lililo kwenye ramani ya Google viwe kitu kimoja. Sehemu ya ramani haina malipo. Huitwa Google Business Profile, na mfanyabiashara angefaa kuishughulikia hata kabla ya kuwaza tovuti. Aandike maelekezo jinsi watu wa hapa wanavyoelekezana, kwa sababu hakuna mtu anayekuja River Road kwa namba ya jengo. Mkabala na kituo gani, lango lililo kando ya duka gani la dawa, ghorofa ya ngapi, stoli namba ngapi. Picha ya lango lenyewe, iliyopigwa ukiwa umesimama barabarani, inafaa kuliko picha kumi za ndani.

Kuna hoja nyingine ambayo watu wa mitandao huipita haraka mno. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja dunia nzima kwa takriban saa sita. Mwenye maduka matatu mtandaoni, yote ya kampuni moja, alijikuta hana hata moja jioni hiyo. Kabla ya hapo, Januari 2018, Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza posti za ndugu na marafiki mbele ya zile za kurasa za biashara, na waliokuwa wamejenga wafuasi kwa miaka wakaanza kulipia matangazo ili waonekane na watu haohao. Mwaka 2019 soko la mtandaoni la OLX likachukuliwa hapa Kenya na soko jingine liitwalo Jiji, na wauzaji waliozoea mlango mmoja wakalazimika kujifunza mwingine. Lazima niseme pia kwamba tovuti haina kinga ya kila kitu. Intaneti ilipovurugika nchini tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, kurasa za kila aina zilikuwa ngumu kufunguka. Ila mabadiliko ya sera ya kampuni ya ng’ambo hayakuondolei tovuti yako, na hiyo ni tofauti kubwa kwa mtu anayetegemea duka moja kulipa karo.

Kwa nini basi wafanyabiashara wengi waliojaribu tovuti wamekata tamaa? Kwa sababu waliuziwa tovuti mbovu, na hapa lawama ni ya watengenezaji. Sote tumeziona. Picha kubwa inayojibadilisha juu ya ukurasa, wageni wenye suti wakicheka kwenye ofisi ambayo haiko Kenya. Maono na dhamira ya kampuni. Kingereza cha kutafuta zabuni, ilhali mteja anauliza kwa Kiswahili cha mtaani. Namba ya simu imewekwa ndani ya picha, haiguswi ikapiga. Hakuna bei. Na mara nyingine kivinjari kinamwonya mgeni kwamba ukurasa si salama, onyo ambalo Chrome imekuwa ikilitoa tangu Julai 2018 kwa tovuti zisizo na usimbaji wa HTTPS unaolinda data inaposafiri, na ambalo mtu anayeogopa kutapeliwa hawezi kulipuuza.

Juu ya hayo kuna uzito. Vipimo vya HTTP Archive, mradi unaopima kurasa za wavuti, vya Oktoba 2024 vilionyesha kwamba ukurasa wa katikati, unapofunguliwa kwa simu, ulikuwa na karibu MB 2.3, maana yake nusu ya kurasa zilizopimwa zilizidi hapo. Mtu aliyenunua bando la MB 50 anamaliza bando lake kwa kurasa ishirini na kitu. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kuwa na MB 4 peke yake. Ziweke kumi kwenye ukurasa wa kwanza, na umemtoza mgeni wako karibu bando lote kabla hujamuuzia chochote. Mwaka 2016 Google ilichapisha kwamba asilimia 53 ya waliotembelea tovuti kwa simu huondoka ukurasa ukizidi sekunde 3 kufunguka, na kwamba wastani kwenye mtandao wa 3G ulikuwa sekunde 19. Takwimu hiyo ni ya zamani, na Google inauza matangazo, kwa hiyo ina maslahi katika kurasa nyepesi. Mitandao yetu pia imeboreka. Lakini fungua tovuti ya duka lako ukiwa ndani ya matatu Thika Road saa kumi na mbili jioni, kwa data ya simu, bila Wi-Fi ya ofisini, na utajua kama inakuhusu. Dawa yake haina gharama: punguza kila picha ifike chini ya KB 150, ondoa zile zinazojibadilisha, na maandishi ya bei yawe ya kwanza kuonekana.

Jambo jingine kwa wanaopenda kupakia picha za wateja kama ushahidi wa kazi nzuri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mwenye sura, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila idhini yake. Hilo halibagui kati ya tovuti na TikTok.

Kwa mwenye biashara inayotafutwa, basi, naona hesabu imeegemea upande mmoja. Jina la .co.ke kwa kawaida halizidi shilingi elfu mbili kwa mwaka, na ukurasa mmoja wenye bidhaa, bei, maelekezo, namba ya Till ya kulipia kwa M-Pesa na kiungo cha WhatsApp hauhitaji kazi ya miezi. Anayekudai laki moja akuonyeshe ni nini hasa kinachofanya kazi hiyo ifike huko.

Na kabla hamjazungumza rangi wala nembo, mwulize jina la tovuti litasajiliwa kwa nani. Ni kawaida mno hapa mtengenezaji kulisajili kwa jina lake na barua pepe yake, kisha akapata kazi Doha au akabadilisha namba. Mwaka unaisha, ilani ya malipo inamwendea yeye, jina linakwisha muda, na mtu mwingine analichukua likiwa bado limechorwa kwenye ubao wa duka na kuchapishwa kwenye kila risiti. Majina yote ya .ke yako chini ya shirika la KENIC, na msajili yeyote aliyeidhinishwa anaweza kukuandikia kwa jina lako, barua pepe yako na nywila unayoijua mwenyewe. Hilo lifanyike siku ya kwanza, pesa ya mwaka wa pili ikitoka kwenye M-Pesa yako.