Nikiachwa Kisiwani: Muhogo, Nazi na Ndimu

Swali la vyakula vitatu ambavyo mtu angetaka awe navyo endapo angeachwa peke yake kwenye kisiwa kisicho na watu huulizwa mara nyingi katika mazungumzo ya ofisini na vijiweni hapa Dar es Salaam, na majibu yake karibu yote hufanana: biriani, pilau ya ng'ombe, chipsi mayai, kuku wa kuchoma. Sina ugomvi na vyakula hivyo, na pilau naipenda sana. Hata hivyo, naamini kwamba anayejibu hivyo amejibu swali la angependa kula nini usiku wa leo, ilhali swali lenyewe linahusu miezi, na pengine miaka. Chakula cha kisiwani kinapaswa kuchaguliwa kwa kutazama kwanza bahari inatoa nini na inanyima nini. Kwa kipimo hicho mimi nachagua muhogo, nazi na ndimu, na ninachagua kwa mapenzi kama ninavyochagua kwa hesabu.

Mfano wa kisiwa chenyewe tunao mbele ya macho yetu. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, karibu na pwani ya Dar es Salaam, ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, na hakuna kijiji hata kimoja juu yake. Anayevuka kwa boti kutoka Kunduchi kwenda Mbudya atakuta mchanga mweupe, mivinje, mibuyu na miamba ya matumbawe iliyochongoka, lakini hatakuta kijito cha maji baridi. (Uvuvi ndani ya maeneo hayo umekatazwa, na ni vyema umekatazwa, ninazungumzia kisiwa kinachofanana na hivyo, simshauri mtu yeyote aende Mbudya na nyavu.) Bahari ya namna hiyo humpa mtu changu, kibua, ngisi, kaa na pweza, na humpa chumvi pia, kwa kuwa maji yake yakiachwa juani kwenye mabwawa madogo huacha chumvi chini, kama wanavyofanya watu wa mashamba ya chumvi pale Kunduchi. Kitoweo basi si tatizo. Tatizo ni wanga, mafuta na kitu kichachu, ambavyo bahari haina.

Kukosa kitu kidogo kunaweza kumtesa mtu aliyezungukwa na neema. Baharia wa Uskoti, Alexander Selkirk, aliachwa mwaka 1704 kwenye kisiwa kimoja cha Juan Fernández, katika bahari ya Chile, akaishi huko peke yake hadi alipookolewa mwaka 1709. Alikuwa na mbuzi wa kuwinda, figili za aina ya tanipu na majani ya mti wa kabichi wa huko, na samaki walikuwa tele. Lakini alieleza kwamba samaki hakuwaweza, kwa sababu bila chumvi walimharibu tumbo, isipokuwa kambakochi wa miambani. Samaki wote wale, na hakuweza kuwala! Habari hiyo ndiyo inayonifanya nisichague mlo uliokamilika sahanini, bali nichague vitu vitakavyokamilisha kile kitakachopatikana kila siku.

Ninaanza na muhogo, na najua kwamba hapa wengi watanishangaa kwa kuacha wali. Kwa mtu wa Pwani, kuuacha wali wa mchele wa Kyela, uliopikwa kwa nazi hadi harufu ikafika kwa jirani, ni jambo zito, nami nalisema kwa uchungu. Lakini mpunga unataka maji mengi, unataka kulindwa dhidi ya ndege, kisha unataka kuvunwa, kupurwa, kutwangwa na kupepetwa kabla ya kuingia chunguni. Muhogo hautaki mambo hayo. Unakata pingili za shina lake, unazifukia kwenye udongo, hata ule wa kichanga usio na rutuba, na baada ya miezi minane hadi mwaka mmoja una chakula. Ukiachwa ardhini huvumilia kwa miezi mingi zaidi. Ukichimbwa, huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu. Ghala lake ni ardhi yenyewe, na mtu aliye peke yake, asiye na kihenge wala gunia, hawezi kupata ghala lililo rahisi kuliko hilo. Jambo la kuzingatia ni aina ya mbegu. Muhogo mchungu una sumu ambayo lazima iondolewe kwa kuloweka na kukausha vizuri, kwa hiyo nitachukua pingili za muhogo mtamu tu, ambao unaweza kuchemshwa au kuchomwa moja kwa moja.

Tena muhogo ni mtamu kweli. Anayebisha aende Coco Beach jioni ya Jumapili asimame karibu na karai. Muhogo huingia kwenye mafuta ukiwa mweupe, hutoka na ganda la rangi ya dhahabu lililopasuka pembeni, kisha muuzaji huupasua katikati kwa kisu, akanyunyiza chumvi, akaweka kachumbari na chachandu, na mvuke bado unatoka ndani. Kisiwani sitakuwa na karai, lakini nitakuwa na makaa, na muhogo uliofukiwa kwenye jivu la moto hauhitaji chombo chochote. Nitakaochimba kwa wingi nitaumenya na kuuanika uwe makopa, nitwange unga, nisonge bada. Majani yake ni kisamvu, na kisamvu kilichotwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu ni mboga kamili.

Hata hivyo, muhogo peke yake ni chakula pungufu. Karibu wote ni wanga na maji; protini yake ni kidogo mno na mafuta hauna. Samaki wataleta protini, lakini wengi wa miambani ni wakavu, na mtu anayeishi kwa nyama isiyo na mafuta peke yake kwa wiki nyingi hudhoofika hata akishiba. Kwa sababu hiyo nazi ndiyo ninayoitetea kwa nguvu zaidi katika makala hii. Gramu 100 za nyama ya nazi iliyokomaa zina zaidi ya gramu 30 za mafuta, na mafuta hayo hayahitaji mashine kuyatoa.

Nazi pia ni chakula kinachobadilika kadiri kinavyokua. Ikiwa dafu, humpa mtu maji ya kunywa yaliyofungwa vizuri kuliko ya chupa, jambo lenye thamani kubwa mahali pasipo na kisima, ingawa dafu nyingi mno kwa siku huendesha tumbo na kwa hiyo haziwezi kuchukua nafasi ya maji ya mvua. Wauza dafu wanaozunguka na baiskeli maeneo ya Posta wana ufundi ambao nautazama kila mara kwa heshima: mapigo machache ya panga yanatosha kufungua kichwa, na mteja akishamaliza maji, dafu hupasuliwa mara mbili na kipande chembamba cha kumbi hukatwa kiwe kijiko cha kukombea ule utando laini. Chombo, kinywaji, chakula na kijiko vyote vimetoka kwenye tunda moja. Baadaye huja koroma, kisha nazi yenyewe, na nazi iliyosahauliwa chini hadi ikaota huwa na joya ndani, ambalo watoto wa Pwani hugombania.

Lakini sababu yangu kubwa ni tui. Mbuzi ya kukunia sitakuwa nayo, ila gamba la chaza lenye ukingo mkali, likikazwa kwenye gogo, linaweza kufanya kazi hiyo kwa mwenye subira. Nazi ikishakunwa inatiwa maji ya moto kidogo, inakamuliwa, na tui zito linawekwa pembeni. Chicha inatiwa maji tena na kukamuliwa mara ya pili ili kupata tui jepesi. Muhogo hupikiwa kwanza kwenye tui jepesi hadi uive na kuanza kupasuka, ndipo tui zito humiminwa mwishoni, kwa moto mdogo, huku mpishi akikoroga bila kuacha, kwa sababu likichemka bila kukorogwa hukatika na mchuzi unaharibika. Ukiweka kipande cha changu ndani yake, una mlo ambao nyumba nyingi za mji huu hufuturu nao mwezi wa Ramadhani bila kuuchoka. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote. Chakula cha kisiwani ni kile ambacho watu wamekwisha kukila kwa vizazi vingi, mwaka hadi mwaka, na bado wanakitamani.

Sizungumzii sana makuti ya kuezekea, kamba za usumba, vifuu vya kuwashia moto na upawa wa kukorogea, kwa kuwa swali ni la chakula; lakini hayo nayo yanakuja pamoja na mnazi bila kuombwa. Anayetaka kujua thamani ya mti huu akumbuke kwamba hapa hapa jijini, Mikocheni, kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali ambacho minazi ni sehemu kubwa ya kazi yake. Minazi mirefu ya kwetu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na ile mifupi huwahi zaidi. Kwa hiyo, nikipewa ruhusa ya kuchagua, nitaomba shehena ya nazi kavu ndani ya makumbi yake, ambazo hukaa miezi mingi bila kuharibika, na baadhi nitazipanda siku ileile ya kufika.

Chaguo la tatu ni ndimu, na hapa historia ya pwani yetu inanisaidia. Meli za Vasco da Gama zilipokuwa zikirudi kutoka India zilichukua karibu miezi mitatu kuvuka bahari, na mabaharia wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye katika safari hiyo, fizi zao zikiwa zimevimba hadi wasiweze kula. Walipofika Malindi mwezi Januari 1499, kitu walichokitafuta kwa ajili ya wagonjwa wao kilikuwa machungwa. Mwaka 1747 daktari wa meli James Lind aliwagawa wagonjwa 12 wa kiseyeye wawili wawili, akawapa tiba tofauti, na wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka kuliko wote. Leo tunajua kwamba vitamini C kiasi cha miligramu 10 tu kwa siku inatosha kuuzuia ugonjwa huo.

Mtu anaweza kunipinga kwamba visiwa vyetu tayari vina mibuyu, na unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko ndimu, tena hukaa muda mrefu ukiwa mkavu. Hoja hiyo ni ya kweli, na ubuyu nitakaoukuta nitaula kwa furaha. Lakini ubuyu hauondoi shombo. Anayekula samaki asubuhi na jioni anahitaji kitu cha kumwosha samaki kabla ya kupikwa na cha kumkamulia baada ya kuiva, la sivyo baada ya muda harufu yenyewe itamkinaisha. Pweza aliyechemshwa akakatwa vipande, akatiwa chumvi na ndimu, ni chakula cha heshima. Bila ndimu ni kazi ya meno tu.

Tende ndiyo iliyonipa taabu zaidi katika kuamua. Mabaharia wa majahazi ya Uarabuni walizibeba kwa karne nyingi, ni tamu, hazioi upesi na hazihitaji moto. Nimeziacha kwa sababu mtende hauzai vizuri katika unyevunyevu wa pwani hii, na shehena ikiisha imekwisha, wakati pingili ya muhogo huzaa pingili nyingine. Sukari na majani ya chai nitavikosa, asubuhi hasa, na sioni namna ya kuvipatia nafasi. Kama kingeruhusiwa cha nne, kingekuwa pilipili mbuzi, bila kusita, kwa ajili ya ule muhogo wa kuchoma.