Tusizipe protini za PR sifa zisizo zake

Mwaka 1970, L. C. van Loon na A. van Kammen wa Uholanzi walichunguza majani ya tumbaku yenye virusi vya batobato wakakuta protini ambazo majani mazima hayakuwa nazo. Watafiti wa Ufaransa walizigundua mwaka huohuo. Leo zinajulikana kama protini za PR (kifupi cha Kiingereza "pathogenesis-related", yaani zinazohusiana na maradhi), na mara nyingi huelezwa kana kwamba ndizo dawa ya virusi. Siafiki hata kidogo.

Tazama kazi zake. Kitinesi, mojawapo ya protini hizo, hukata kitini, ambayo imo kwenye kuta za seli za kuvu. Virusi havina kitini. Glukanesi, nyingine ya kundi hilo, ina utata mkubwa zaidi. Seli za mimea huunganishwa na vijitundu vyembamba, na kalosi (kabohaidreti inayotengenezwa na mmea) ikivibana virusi hupita kwa shida. Kalosi hiyo ndiyo glukanesi huimeng'enya! Tumbaku iliyopunguziwa kimeng'enya hicho maabarani ilivihimili virusi vizuri zaidi. Kwangu, tokeo hilo peke yake lingetosha kubadili namna tunavyofundisha somo hili.

Wanaovikabili virusi hasa ni wengine. Jeni N, yenye asili ya Nicotiana glutinosa, ndugu wa tumbaku, na iliyotengwa mwaka 1994, hutoa protini inayotambua sehemu ya kimeng'enya ambacho virusi vya batobato hutumia kujinakili. Seli zilizovamiwa hufa upesi, na virusi hubaki vimezingirwa ndani ya doa dogo (joto likizidi nyuzi 28, kinga hiyo hulegea na virusi husambaa). Kisha kuna kimeng'enya kiitwacho Dicer, kinachokatakata RNA ya virusi, molekuli inayobeba taarifa zao za urithi. Vipande vyake vya nyukleotidi (viungo vinavyounda RNA) 21 hadi 24 huelekeza protini nyingine ziharibu RNA inayolingana navyo. Virusi vingi vya mimea hubeba protini ya kuzima mfumo huo, jambo linaloonyesha unavyoviumiza.

Najua nitajibiwa kwa jaribio la R. F. White la mwaka 1979: alidunga aspirini kwenye majani ya tumbaku, protini za PR zikajitokeza, na virusi vilipopakwa madoa yakapungua. Lakini asidi ya salisiliki, ndugu wa aspirini, huamsha kinga nyingi kwa pamoja. Protini za PR zinatuambia kwamba kengele imelia, basi. Mzalishaji wa mbegu anayetaka kujua kama mmea wake ni kinzani apime wingi wa virusi kwenye majani machanga, hata kama PR-1, mojawapo ya protini za PR, imejaa tele.