Jina la MBean ni la nani?

Tangu Java 5 ilipotoka mwaka 2004, JMX, teknolojia ya kusimamia programu ya Java ikiwa inaendelea kufanya kazi, imekuwa sehemu ya jukwaa lenyewe, na mwandishi yeyote wa programu anaweza kuanika vijenzi vyake, viitwavyo MBean, ili msimamizi avisome au avirekebishe bila kuuzima mfumo. Swali linalorudi kila mara katika timu za programu ni kama kanuni za kuvipa vijenzi hivyo majina zifuatwe kikamilifu, au kila timu ijiamulie. Wanaobishana huchanganya kanuni za aina mbili zisizofanana.

Aina ya kwanza inasimamiwa na mashine. Darasa likiitwa Hazina, kiolesura chake cha usimamizi sharti kiitwe HazinaMBean na kikae katika kifurushi (kundi la madarasa) kilekile, la sivyo usajili hukataliwa kwa NotCompliantMBeanException. Wapo wanaoliona hili kuwa ni kubanwa bure, na hawajakosea kabisa, ila wasioridhika wana mlango wa kutokea: MXBean, aina nyingine ya MBean ambayo tangu Java 6 mtu yeyote anaweza kujiundia, haijali darasa linaitwaje wala liko katika kifurushi gani. Sioni cha kugombania hapa, kwa sababu kosa hujitokeza programu inapowashwa, na aliyelifanya ndiye anayeliona.

Aina ya pili ni ushauri mtupu, na ndiyo yenye uzito. Unasema kikoa, yaani sehemu ya jina iliyo kabla ya nukta mbili (:), kianze na jina la kifurushi, kila jina liwe na ufunguo wa type kama lilivyo java.lang:type=Memory, na majina yatabirike, yaani yasibebe namba za nasibu zinazobadilika kila mfumo unapowashwa upya. Anayeupuuza haadhibiwi, anayeumia ni mtu mwingine kabisa. Chukua nafasi moja tu tupu: mwandishi aliyezoea kuiweka baada ya mkato akiandika com.example:type=Hazina, name=kuu, JMX hupokea bila kulalamika, kwa kuwa kwake nafasi ni herufi kama nyingine, na ufunguo wa name unakuwa na herufi tano badala ya nne. Mfumo wa ufuatiliaji unaoulizia name=kuu hauambulii kitu, grafu inabaki tupu, na mtu wa zamu ya usiku anaanza kutafuta kijenzi kilichokufa ilhali kiko hai.

Hata hivyo, ushauri huo nao una kasoro. Mpangilio wa vifurushi ni mambo ya ndani ya mwandishi, naye ana haki ya kuupanga upya apendavyo. Kikoa kikichotwa moja kwa moja kutoka kwenye kifurushi cha darasa, usafi wa ndani unavunja maonyo ya mifumo ya ufuatiliaji iliyo nje, iliyozoea jina la zamani. Tomcat, seva ya programu za wavuti za Java, hutumia kikoa cha Catalina, ambacho hakifuati ushauri, lakini zana nyingi zimekwisha kulizoea jina hilo, na kulisahihisha leo kungekuwa hasara tupu. Kinachosumbua ni kwamba Tomcat hiyohiyo, ikipachikwa ndani ya Spring Boot (mfumo wa kujengea programu za Java) na usajili wa MBean ukiwashwa, hujisajili kwa kikoa cha Tomcat, hivyo maulizo yaliyoandikwa kwa Catalina hayaipati.

Kwa upande wa pili kuna Kafka, mfumo wa kupitishia ujumbe kati ya programu. Hadi toleo 0.8.1, sehemu za majina yake zilitenganishwa kwa vistari, ilhali vistari hivyo hivyo huruhusiwa ndani ya majina ya mada na ya wateja, kwa hiyo zana haikuweza kujua jina moja linaishia wapi. Toleo 0.8.2 liliyagawa majina hayo katika funguo zinazojitegemea. Waliokwisha kujenga grafu zao walilazimika kuzijenga upya, na bado naona uamuzi ulikuwa sahihi, maana jina la awali lilikuwa likificha habari, tofauti na Catalina, ambalo tatizo lake ni la sura tu.

Kwa hiyo mimi ningeshika type na majina yanayotabirika bila mjadala, lakini kikoa ningekiandika kwenye msimbo kama neno la kudumu lisilofuata kifurushi. Na kila jina linalobadilika ningelitaja katika maelezo ya toleo, palepale panapotajwa mabadiliko ya API (kiolesura ambacho programu nyingine hukitegemea), kwani msimamizi ameshaandika msimbo wake juu ya jina hilo.