Nguo zinavaliwa, mchele hauvaliwi

Ndugu zangu, habari mliyoipata kuhusu safari yangu ya basi kutoka Mbeya kwenda Dar siyo yenyewe. Najua Redio ameshaisambaza, maana tangu juzi usiku simu yangu haijapumzika. Mara natumiwa picha ya mbuyu, mara picha ya gunia lenye miguu, na jamaa mmoja niliyesoma naye sekondari, ambaye hakunitafuta hata nilipofiwa, kaniandikia: "Pole kaka, dawa ilichimbika?" Basi nasimulia mwenyewe. Sikuachwa na basi. Sikukimbia uchi. Na Mikumi sikufika kwa miguu, Mikumi iko mkoa mwingine kabisa, acheni uongo.

(Redio ni jamaa niliyepanda naye basi, na hilo siyo jina lake. Tunamwita hivyo kwa sababu hata betri zikiisha anaendelea kukoroma.)

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Jumatatu mimi mwenyewe niliwaandikia hapa mambo ya kuandaa kabla ya safari. Mkasoma, mkanipa mioyo. Niliwaambia begi lipangwe usiku wa kuamkia safari, tiketi na kitambulisho vikae mfuko wa mbele, hela ya chakula isikae pamoja na hela kubwa, kucha zikatwe, ndimu ya kunusa iwe karibu kwa ajili ya kona za mlima Kitonga, na nikamalizia kwa herufi kubwa: USINYWE VITU VINGI KABLA YA KUPANDA BASI. Nimejaribu kulifuta bandiko lile. Watu wameshalipiga picha.

Na begi langu nililipanga vizuri, Mungu ni shahidi. Binti wa shangazi anaolewa Jumamosi, Kimara, kwa hiyo nilikunja mashati matatu, jinzi, trakisuti ya kulalia, na suruali ya suti nikaiweka juu kabisa isipate mikunjo. Saa 3 usiku, umeme umekatika kama kawaida, mama akaingia chumbani anamulika kwa simu, nyuma yake mdogo wangu anaburuza mchele wa Kyela kilo 20.

"Huu wa shangazi yako."

Kabla sijajibu zikaingia chane tatu za ndizi za Tukuyu. Yakaingia maparachichi. Vikaingia viazi, "vichache tu", vya kujaza ndoo. Kwa mama yangu, mtu kutoka Mbeya kwenda Dar mikono mitupu ni sawa na kuwatangazia wakwe kwamba huku kuna njaa. Nikamwambia mama, tuweke kwenye gunia lake. Akaniuliza nani atalipia gunia, maana konda akiona gunia anadai hela, akiona begi anatupa ndani ya buti anaendelea na mambo yake. Basi akazitoa nguo zangu moja moja, kwa upole, kama anayetoa mayai kwenye kiota. Mchele ukaingia kwenye begi, vilivyobaki vikajazwa kwenye shangazi kaja. Nguo zangu zikabaki kitandani zinaniangalia.

"Sasa mimi nitavaa nini huko?"

"Nguo zinavaliwa, mwanangu. Mchele hauvaliwi."

Mtu akikwambia ukweli wa namna hiyo utambishia nini?

Saa 10 alfajiri nikaamka, nikazivaa. Zote. Wanaoijua Mbeya ya Julai hawatanicheka. Ukifungua mlango pumzi inatoka kama moshi wa kuni mbichi, mlima Loleza huuoni kwa ukungu, na bodaboda aliyenipeleka stendi alikuwa amevaa koti la mvua juu ya koti la sufi, kichwani kajifunga kitenge cha mkewe chini ya helmeti. Kwa hiyo mimi, kuanzia ndani kwenda nje: boxa, taiti nene ya mtumba kutoka Mwanjelwa, trakisuti, jinzi, halafu suruali ya suti juu ya yote, ili isipate mikunjo. Juu sweta mbili na koti. Mikononi glavu. Mashati nikayaviringisha, nikayasukumia kwenye mifuko ya koti. Nilitembea kama mtu aliyetoka jandoni, lakini baridi sikuisikia hata kidogo, na nakiri nilijiona nina akili.

Redio tulikutana stendi. Yeye shati moja, jaketi, na begi la mgongoni. Akanizunguka kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Umevaa duka au umevaa nguo?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimekumbatia chupa ya chai ya mama, lita moja na nusu, maziwa mazito na tangawizi ya kuwasha koo. Nikaianza Uyole. Chimala nilikuwa nusu. Makambako, pale ambapo upepo hata basi likisimama dakika mbili unaingia kwenye kila tundu la dirisha, nikamimina kikombe cha mwisho. Nilikuwa na raha zangu. Nilisinzia kwenye misitu ya Sao Hill, na Ipogolo, ambako basi zima lilishuka kula na kujisaidia, mimi nilikuwa nakoroma. Redio hakuniamsha. Anasema alinionea huruma. Nitalikumbuka hilo siku yake ikifika.

Nilizinduka Kitonga. Siyo kona zilizonizindua, ni joto. Ambao hamjapita huko: juu ya mlima bado uko nyanda za juu, una sweta na heshima zako. Basi linashuka kwa gia nzito nyuma ya malori, ukuta wa mwamba upande huu, korongo upande ule, nyani wamekaa kando ya barabara wanangoja maganda ya ndizi, na kila kona unayokata kuna mtu kama anakuongezea mkaa chini ya siti. Kona ya pili nikavua koti. Ya nne nikafungua dirisha. Sweta zikakataa kupita kichwani kwa sababu zilikuwa zimeshikana kwa jasho, nikaziacha. Tulipofika chini kwenye mibuyu ilikuwa yapata saa 8 mchana, jua la utosi, na kutoka kiunoni kwenda chini nilikuwa ndizi iliyofukiwa iive.

Na chai ilikuwa imefika mwisho wa safari yake.

Nikamwita konda kwa sauti ya mtu mzima. Mara ya pili kwa sauti ya mtoto. Akanihurumia. Karibu na Ruaha Mbuyuni basi likaegeshwa pembeni. "Dakika tano! Kuchimba dawa! Wanaume kushoto, wanawake kulia! Dakika tano tu, atakayebaki atapanda lori la vitunguu!"

Wenzangu walishuka, wakapanga mstari hatua tatu kutoka barabarani, wakamaliza. Mimi nina aibu, ndivyo nilivyolelewa. Nikaenda mbali, nyuma ya mbuyu mkubwa ambao watu wanne wakishikana mikono hawauzungushi.

Sasa hapa naomba mnifuate polepole, kwa sababu Redio hapa hakuwepo.

Suruali ya suti: kulabu, zipu, ikashuka. Sekunde tatu. Nikajipongeza.

Jinzi ilikuwa ya vifungo vya chuma, vinne, na bado nilikuwa na glavu. Nikazivua kwa meno. Kifungo cha kwanza, cha pili, huku miguu inacheza yenyewe, cha tatu, nikaanza kuhesabu kwa sauti ili akili isifikirie maji, cha nne. Ikashuka.

Trakisuti ndiyo iliyoniua. Alfajiri ile gizani nilikuwa nimeifunga kamba lile fundo tunalofungia mbuzi asikimbie, halafu juu yake nikaongeza jingine kwa usalama. Jasho la kuanzia Kitonga lilikuwa limelilowesha, likavimba, likawa gumu kama kokwa la parachichi. Nikajaribu kucha. Sina kucha, nimezikata, ilikuwa kwenye orodha yangu. Nikajaribu kuinama niling'ate. Mtu mwenye sweta mbili na tumbo lililojaa chai hainami, anatikisika tu. Nikajaribu kujipunguza, nikavuta pumzi, nikasali kimoyomoyo sala ambayo haikuwa na maneno.

Honi ikalia.

Kama mnasafiri mara kwa mara mnazijua honi za kuchimba dawa. Ya kwanza ni salamu. Ya pili ni onyo. Ya tatu basi linasogea mita mbili, siyo kwamba linaondoka, ni la kukukata maini tu. Ya pili iliponikuta nikashika kila kilichobaki kiunoni kwa mikono miwili, nikavuta kwenda chini kama ninayeng'oa muhogo. Fundo likapita nyonga na ngozi yangu kidogo.

Mniache hapo sekunde chache. Sijawahi kuwapenda viumbe wote wa dunia kama dakika ile.

Tatizo likaja kupandisha. Zilikuwa zimejiviringisha magotini, taiti ndani ya trakisuti, trakisuti ndani ya jinzi, jinzi ndani ya suti, ngata moja nene iliyolowa, na lile fundo la mbuzi katikati limekaza. Boxa ilirudi mahali pake. Narudia kwa mnaouliza faraghani: boxa ilirudi mahali pake. Vingine vilikataa. Honi ya tatu ikalia, nikasikia injini inanguruma, nikaanza kuruka kama tulivyokuwa tukishindana kwa magunia shule ya msingi. Ruka moja. Ruka mbili. Nikauzunguka mbuyu.

Nikakutana na bibi.

Alikuwa anapanda kwenye kijia kutoka mashambani, mfuko wa vitunguu kichwani, mkononi kisu cha kukatia majani ya vitunguu. Tukasimama tunatazamana. Na mdomo wangu, jamani, kwa malezi ya yule yule aliyenivalisha suruali tatu juu ya taiti, ukasema wenyewe:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mnatoka Mbeya?"

"Ndiyo, bibi."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na baridi?"

Nikaangalia magoti yangu. "Ipo, bibi."

Akatua mfuko wake taratibu. "Gunia la viazi huko sasa hivi bei gani?"

Nikamtajia. Ndugu zangu, nilimtajia bei ya viazi. Suruali ziko magotini, basi linapiga honi ya nne, na mimi namweleza kwamba vya Uporoto vimepanda kidogo. Akatikisa kichwa kusikitikia bei. Halafu ndipo akatazama chini, akaona hali yangu, akainua kisu.

"Haya, simama hivyo hivyo nikukate."

Kelele niliyopiga, Redio anasema ilisikika ndani ya basi. Katika yote aliyosema hilo ni kweli.

"Kamba, baba! Nikukate kamba! Unafikiri nikukate nini?"

Akakata. Pa! Ngata ikalegea, nikapandisha zote kwa mpigo bila kujali ipi iko ndani ya ipi. Bibi akachomoa uzi wa akiba alionao wa kushonea mifuko ya vitunguu, akanifunga kiunoni, akavuta, akapiga fundo moja dogo la upinde. "Hili ukivuta huku linafunguka," akaniambia, kama anavyoambiwa mtoto wa chekechea.

Nikageuka. Kumbe basi katika kusogea zile mita mbili mbili lilikuwa limeupita mbuyu. Madirisha yote ya upande wa kushoto yalikuwa yamejaa vichwa. Abiria wa siti za kulia walikuwa wamehamia kushoto, basi limeinama. Mtoto mmoja akanipungia mkono. Mama mmoja alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanacheza. Konda, mlangoni, akapaza sauti ili hata wa siti ya nyuma asikose:

"Mwacheni apumue jamani, anatoka mbali!"

Nikanunua mfuko mzima wa vitunguu kwa yule bibi bila kuuliza bei. Nikapanda. Wakapiga makofi. Mikumi tulipita sikuona mnyama hata mmoja kwa sababu nilikuwa nimejifunika koti usoni, Morogoro sikushuka, Mbezi tulifika usiku, shangazi akafurahia mchele, akashangaa suruali ya suti imepanda juu mpaka kwenye ugoko, na nilipofika bafuni nikavuta uzi ule upande ule nilioelekezwa. Ukafunguka. Kundi letu la WhatsApp sasa linaitwa Siti ya Kushoto.

Suti imepelekwa kwa dobi. Harusi keshokutwa. Narudi Mbeya Jumatatu, na tatizo nililonalo kwa sasa ni hili: shangazi ameshanunua nazi 20 za kumpelekea mama. Jana jioni nimemkuta sebuleni, kashika begi langu tupu, anazitazama nazi, anazitazama nguo zangu nilizozikunja vizuri juu ya kochi, halafu ananitazama mimi.