Kadi Niliyoiharibu kwa Kuihakiki

Mfumo endeshi wa Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja tu, hukaa kwenye kadi ya memori ndogo kiasi kwamba ukiiangusha sakafuni utaitafuta kwa magoti, na kuusakinisha ni kuandika faili moja kwenye kadi hiyo, kuichomeka kwenye bodi na kuwasha umeme. Niliitengea kazi hiyo nusu saa. Nilimaliza kesho yake jioni.

Kosa la kwanza ni la wengi, kwa hiyo sitakaa nalo: nililinakili faili ndani ya kadi kama mtu anayehifadhi picha. Kumbe faili lile ni nakala ya kadi nzima pamoja na mgawanyo wake, na huandikwa kwa programu maalumu kuanzia baiti ya kwanza. Nilipowasha bodi, taa nyekundu iliwaka, ya kijani ikanuna.

Nikaitafuta programu, nikaandika upya, nikasubiri hadi ikatangaza kwamba imemaliza na imehakiki. Mtu mwenye akili timamu angeipeleka kadi kwenye bodi moja kwa moja. Mimi nikaichomoa na kuirudisha kwenye kompyuta ileile, ili nijionee mwenyewe. Jasho lilinitoka: kadi ya gigabaiti 32 ilikuwa imebaki na megabaiti 512, pembeni yake pana diski nyingine nisiyoijua, na katikati ya skrini dirisha likaniarifu kwa adabu kubwa kwamba diski hiyo haitumiki mpaka ifomatiwe. Je, ningependa kuifomati? Ningependa sana. Nani angekataa, kwa kuombwa vizuri namna ile?

Bodi ilipowashwa, skrini ilionyesha mraba wa rangi za upinde wa mvua, nikashangilia. Ikafuata mistari mingi ya maandishi meupe, nikashangilia zaidi kwa kuwa sikuisoma. Kisha mistari ikasimama, wa mwisho ukieleza kwamba kerneli, yaani kiini cha mfumo, imepatwa na taharuki. Basi tukawa wawili.

Nililaumu waya wa umeme, nikaubadilisha. Nililaumu kisoma kadi, nikakipuliza vumbi ambalo hakikuwa nalo. Kila mara niliandika, nikachomoa, nikarudisha, nikahakiki, nikakubali kufomati, na kila mara kerneli ikataharuki palepale.

Mara ya nne, kidole changu kikiwa tayari juu ya kipanya, mpwa wangu aliyekuwa akinitazama kwa muda mrefu akauliza: "Samahani, mjomba, mbona kila ukimaliza kuandika unafuta?"

"Sifuti. Nafomati."

Hakujibu. Ulikuwa ule ukimya wa mtoto aliyefunzwa kuheshimu wakubwa.

Nikaenda kusoma, jambo ambalo ningelifanya tangu jana. Zile megabaiti 512 zilikuwa na vitu vya kuwashia tu. Mfumo wenyewe ulikuwa kwenye ile diski nisiyoijua, katika mpangilio wa ext4 ambao kompyuta yangu haiujui, na kwa kompyuta yangu kisichosomeka ni cha kufomatiwa. Ndiyo maana bodi iliamka vizuri, ikaifuata nyumba yake, ikakuta kiwanja kitupu.

Nikabonyeza kitufe cha kughairi, nikamkabidhi mpwa kadi aipeleke mwenyewe. Baada ya dakika chache mfumo ukatukaribisha. Nikatamani kuichomoa kadi kidogo tu, nihakikishe imekaa sawa, lakini mpwa alikuwa ameshaifunika bodi kwa kiganja chake.