Kitabu cha Adhabu Kilichobaki Cheupe

Katika kabati la ofisi ya mkuu wa shule moja ya sekondari ya serikali nilikofundisha, kulikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, limeandikwa kwa wino mzito "Kitabu cha Adhabu". Nilikabidhiwa siku nilipoteuliwa kuwa mwalimu wa nidhamu. Ndani yake safu za jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la mwalimu na saini ya mkuu wa shule zilikuwa zimepigwa kwa rula vizuri kabisa. Majina yaliyojazwa hayakufika ishirini, na la mwisho lilikuwa limeandikwa miaka minne kabla. Nje ya dirisha, asubuhi hiyohiyo, wanafunzi waliochelewa walikuwa wamepiga magoti kwenye changarawe wakisubiri kuchapwa, na mwalimu wa zamu alikuwa ameshika fimbo ya mpera.

Hakuna mwalimu aliyekuwa pale ambaye hakuwa amefundishwa miiko chuoni. Sote tulikariri kwamba mwalimu ana wajibu kwa mtoto, kwa jamii, kwa kazi yake, kwa mwajiri na kwa taifa, na wengi wetu tungeweza kuyataja hayo usingizini. Nilichokiona katika miaka yangu ya kazi ni kwamba miiko hiyo hufa pale ambapo jambo lililotendwa shuleni haliandikwi popote, kwa kuwa lisiloandikwa halina wa kuliuliza wala wa kulijibu.

Tuanze na hivyo viboko. Kanuni zilizotangazwa na Serikali ya Tanzania mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu, kwa Tangazo Na. 294, zinaeleza kwa undani kuliko wengi wanavyodhani: fimbo iwe nyepesi na yenye kupinda, mtoto achapwe mkononi au makalioni juu ya nguo, viboko visizidi vinne, mwenye kuchapa awe mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa pale ambapo hayupo, na kila adhabu iingizwe kitabuni. Kwa upande wangu ningependa viboko viondoke kabisa shuleni, kama wenzetu wa Kenya walivyovipiga marufuku mwaka 2001. Lakini maadamu kanuni bado ipo, mwalimu anayemchapa mtoto viboko kumi mgongoni bila idhini ya mtu yeyote amevunja sheria ileile anayodai kuitumia, na anapaswa kuelezwa hivyo bila kumung'unya maneno.

Mwezi Oktoba 2016 nchi nzima iliona video ya walimu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha wakimshambulia mwanafunzi ndani ya ofisi ya walimu katika Shule ya Sekondari ya Kutwa Mbeya. Hatua zilichukuliwa haraka, na zilistahili kuchukuliwa. Swali lililonikaa moyoni ni lingine: bila simu iliyorekodi, ni karatasi gani ya shule ingetuambia kilichotokea siku ile? Miaka 2 baadaye, Agosti 2018, mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kibeta mjini Bukoba alifariki baada ya kipigo, akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Tuhuma ya wizi ina njia yake: mzazi huitwa, kamati ya shule hukaa, na ikibidi polisi hupewa taarifa. Kila hatua katika hizo huacha maandishi, na kila inayoacha maandishi humpa mtu mzima muda wa hasira kushuka.

Ninalolisema kuhusu fimbo lina uzito zaidi katika jambo ambalo ofisi za walimu hulizungumza kwa kunong'ona. Sheria haina utata hapa. Anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 tangu Sheria ya Elimu iliporekebishwa mwaka 2016, na mwalimu mwenye uhusiano wa kimapenzi na mwanafunzi wake amevunja miiko hata kama hakuna mimba. Lakini wazazi wengi huambiwa "tuyamalize kifamilia", fedha kidogo hupita mkono hadi mkono, na mwalimu huombewa uhamisho. Niliwahi kumpokea mwenzetu wa namna hiyo. Jalada lake lilikuja na barua ya uhamisho, nakala za vyeti na fomu za likizo, wala hakukuwa na mstari mmoja wa kutuonya. Tulimpangia kidato cha pili na tukampa na mabweni ya kuangalia. Tulipokuja kujua sababu ya kuhamishwa kwake, tulijua kupitia kwa mama mmoja aliyesafiri kutoka wilaya nyingine kuja kumtafuta. Uhamisho wa namna ile ulikuwa umempelekea mwalimu yule watoto wengine wasiomjua.

Upo pia mlango mdogo ambao maovu hayo huingilia, nao ni nyumba ya mwalimu. Mtoto anatumwa kuchota maji, kesho kufua, keshokutwa kupeleka madaftari jioni na kuyasubiri yasahihishwe. Wengi huona kwamba ni malezi tu, kwani hata sisi tulikua tukiwachotea walimu maji. Nakubali kwamba nyumba za walimu vijijini hazina bomba na kwamba mwalimu amechoka. Hata hivyo mwanafunzi hakuandikishwa shule awe mtumishi wa mtu, na mkuu wa shule asiyejua ni mtoto gani yuko nyumbani kwa nani saa 11 jioni ameshaacha kuwalinda watoto wake. Ningetamani kila shule iwe na amri moja fupi, iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi ya walimu: mwanafunzi haendi nyumbani kwa mwalimu bila kuandikwa katika kitabu cha zamu, nani alimtuma, kwa kazi gani, na amerudi saa ngapi.

Walimu wenzangu huniambia kwamba nataka kuwafunga mikono. Nawajibu kwa moyo mweupe kwamba maandishi yamewaokoa wao kuliko mtu mwingine yeyote. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015, haiwezi kumfukuza mwalimu kazi kwa uvumi wa mtaani. Lazima apewe hati ya mashtaka, apate nafasi ya kujitetea, na asiporidhika akate rufaa. Mwalimu aliyesingiziwa na mwanafunzi mwenye kinyongo atajitetea kwa nini ikiwa shule haina kumbukumbu ya siku hiyo? Nimemwona mwalimu mwadilifu, mtu mzima mwenye wajukuu, akitetemeka mbele ya wajumbe kwa sababu kitabu cha zamu cha wiki iliyohusika kilikuwa hakijajazwa. Alinusurika kwa kuwa mpishi wa shule alikumbuka kwamba jioni ile walikuwa pamoja wakipima mahindi stoo. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa yameshikiliwa na kumbukumbu ya mpishi.

Baadaye alikuja mkuu mpya. Alilitoa lile daftari kabatini, akaliweka juu ya meza ya katikati ya ofisi ya walimu, akafunga kalamu kwa uzi, na akatangaza kwamba atakayetaka kuchapa aje kwanza aombe idhini yake kwa maandishi. Hakuhubiri. Wiki ya kwanza walimu watatu waliomba idhini. Wiki ya pili hakuomba mtu, ingawa wanafunzi waliendelea kuchelewa kama kawaida, hasa siku za mvua, maana wengi walikuwa wakivuka mto kwa miguu. Walioshika fimbo kila asubuhi walipotakiwa kuandika "kosa: kuchelewa" na kutia saini, kalamu iliwagomea.

Wathibiti ubora wa shule wanapofika, huomba maandalio ya masomo, maazimio ya kazi na madaftari ya wanafunzi. Nawaomba waanze na kitabu cha adhabu na kitabu cha zamu, kisha watoke nje na kuwauliza watoto ni lini mara ya mwisho walichapwa, na walinganishe tarehe.