Mtoto asikamatwe mikono na miguu ili ang'olewe jino

Wazazi wengi tumeyaona: mama kambana mwanawe mapajani, muuguzi kashika miguu, daktari anavizia nafasi ya kudunga sindano ya ganzi huku mtoto akilia mpaka sauti inamkauka. Jino likitoka tunasema pole, yamekwisha. Hayajesha. Wengi wa watoto hao hukua wakikwepa daktari wa meno, na jino ambalo lingezibwa mapema linakuja kung'olewa shavu likiwa limevimba.

Ndiyo maana naitetea barakoa ya naitrasi oksaidi, ile gesi ya kucheka ambayo mtoto huivuta puani ili hofu itulie. Si jambo la majaribio. Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford, Marekani, aling'olewa jino lake mwenyewe baada ya kuivuta mwaka 1844, na leo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu.

Barakoa yenyewe ni ndogo, inakaa puani tu, mdomo unabaki huru. Daktari huanza na oksijeni tupu, kisha huongeza gesi kidogo kidogo. Mashine nzuri hairuhusu oksijeni ishuke chini ya asilimia 30. Baada ya dakika chache mabega yanalegea. Mtoto halali! Anasikia, anajibu, anaambiwa afungue mdomo na anafungua. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu anatibiwa akiwa ameshiriki, hakushindwa nguvu. Mwishoni anavuta oksijeni tupu kwa dakika tano hivi, anashuka kitini kwa miguu yake.

Ganzi bado inahitajika, maana gesi inatuliza hofu zaidi kuliko inavyoua maumivu. Mwenye mafua makali aahirishe, kwani pua iliyoziba haivuti kitu. Na mtoto anayeikataa kabisa barakoa asilazimishwe, tusije tukarudi kulekule kwenye kumkamata.

Wapo wanaoiona anasa ya kliniki za wenye fedha. Sikubali. Mashine ni ghali, kweli, na inataka mtu aliyefundishwa, lakini hospitali kubwa ya umma yenye oksijeni na daktari wa meno ina sababu zote za kuwa nayo. Mzazi naye aulize bila haya: nani anasimamia gesi, amesomea? Oksijeni ya mtoto inapimwa kidoleni? Gesi anayoitoa puani inavutwa na bomba kwenda nje, au inabaki chumbani ikivutwa na wahudumu, pengine mmoja wao ni mjamzito?

Kama mashine haipo, bado kuna njia. Jino lililooza bila kuuma linaweza kupakwa dawa yenye madini ya fedha na floraidi, hakuna sindano wala kuchimba, na mara nyingi uozo unasimama. Sehemu iliyooza hubaki nyeusi, lakini gego la utoto litadondoka lenyewe mtoto akifika miaka 9 hadi 12.